Sura ya Saba: Kila Jani Lilionekana

Asubuhi ile Inspekta alipiga picha nyingi, na zote zilikuwa za maji. Pikipiki za maji zilipita mbele yake zikinguruma kama nyuki waliotukaniwa mama yao, yeye akabonyeza, na kila alipotazama kioo cha kamera alikuta bwawa tupu lenye povu. Mara moja tu alibahatisha kitu. Kilikuwa kisigino.

"Hicho tukikipeleka mahakamani," koplo alisema nyuma yake, "hakimu ataomba na kiatu."

"Koplo, shika mwavuli, acha mdomo."

"Mwavuli nimeushika, afande. Mdomo ndio umenishinda."

Mwenye kamera hiyo, aliyesimama kando yao, alicheka mpaka akakohoa. Watu wote wa bwawani walimwita Kengeza, kwa sababu miaka yote walimjua akiwa amefumba jicho moja. Alikuwa mtu mwembamba mwenye magoti yaliyopauka kwa kupiga magoti kwenye kokoto, na hapakuwa na mbio za pikipiki za maji alizowahi kuzikosa. Mahali pake ukingoni palijulikana. Alipazungushia kamba na vigingi ili watazamaji wasije kumgonga kiwiko. Kamba yenyewe ilikuwa ya buluu, mpya, bado ina mikunjo ya dukani.

"Kosa lako unasubiri, Inspekta," Kengeza alisema. "Unaelekeza kamera mahali, unangoja apite. Akifika, wewe ndiyo unashtuka. Kidole kinabonyeza, yeye yuko kwao anakunywa chai."

"Sasa nifanye nini?"

"Uende naye. Mkamate akiwa mbali kule, mfuate na kamera, zunguka naye. Kiuno, si mikono. Bonyeza huku unazunguka, na ukishabonyeza usisimame, endelea kuzunguka. Hapo yeye atatoka safi, hata matone kwenye kope utayaona, na nyuma yake kote kutakuwa mistari mitupu. Picha ya mbio ndiyo hiyo."

"Kwa nini usiweke kwenye stendi ikatulia?"

"Stendi ni ya harusi. Bibi harusi hakimbii."

"Wengine hukimbia," koplo alisema, na kwa jinsi alivyosema, Inspekta aliamua kutomwuliza zaidi.

Akajaribu tena. Pikipiki nyekundu ilitokea mbali kwenye maboya, akaikamata, akazunguka nayo kiuno kama alivyofundishwa, na kidogo aanguke kwenye tope. Lakini kwenye kioo alikuwepo mtu kamili, ameinama juu ya usukani, na nyuma yake kichaka cha matete kilikuwa kimevutika kuwa mkeka wa kijani.

"Umeona?" Kengeza alisema, amefurahi kama mwalimu wa chekechea.

Inspekta hakuwa amekuja kujifunza. Alikuwa amekuja kutazama kichaka kile cha matete.

Kilikuwa kimeota majini, hatua chache tu kutoka ukingoni, mbele kabisa ya mahali pa Kengeza. Waendeshaji wote walikipita kwa nje, upande wenye maji mapana. Mmoja tu alikuwa na desturi ya kupita kwa ndani, kwenye kile kichochoro kati ya matete na ukingo. Huyo ni bingwa waliyemwita Mkizi kwa jinsi alivyoruka mawimbi. Na kwenye mbio za siku chache zilizopita, mzunguko wa kwanza kabisa, Mkizi akiwa anaongoza, pikipiki yake ilisimama ghafla ndani ya kichochoro hicho, ikamrusha juu ya usukani, akaenda kugonga kisiki kilichojificha ndani ya matete. Sasa alikuwa hospitali. Miguu haimsikii, na madaktari walikuwa wamefika kwenye lile neno lao la "tusubiri tuone."

Usukani wa pikipiki ulikutwa kebo yake imekatika. Aliyeufunga ni fundi wake, na fundi huyo ni shemeji yake, mume wa dada yake. Alikuwa mahabusu tangu siku ile ile, na kesho asubuhi alitakiwa kusimama mbele ya hakimu. Mkuu wa kituo alikwisha kuandika jina la mkosaji akilini kwa wino usiofutika. Alikuwa amempa Inspekta siku moja tu "ya kufunga vifungo."

"Uliwaambia polisi ulimwona fundi akihangaika na usukani asubuhi ya mbio," Inspekta alisema.

"Nilimwona." Kengeza alipuliza vumbi kwenye lenzi. "Iliniuma kusema. Lakini ningefanyaje? Mkizi ni ndugu yangu. Mimi ndiye niliyempiga picha ya kwanza alipokuwa bado anaanguka mwenyewe bila msaada wa mtu."

"Na ndiye uliyemtoa majini."

"Yeyote angefanya vile."

Si kweli. Watazamaji walikuwa wengi, na aliyeruka na nguo na viatu ni mmoja. Hata magazeti yaliliandika hilo, chini ya ile picha ya ajali ambayo aliipiga yeye huyo huyo.

"Nataka kuziona picha zako," Inspekta alisema. "Za Mkizi, za hapa hapa, za mbio zote."

"Zote? Una siku ngapi za likizo?"

Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la viatu. Ukutani hapakuwa na nafasi ya kupigilia msumari. Mkizi angani, Mkizi pembeni ya boya amelala karibu aguse maji, Mkizi akicheka na povu mdomoni. Katikati ya ukuta ilikuwepo picha moja ya Mkizi na Kengeza pamoja, wamekumbatiana mabega ukingoni mahali pao. Chumba kizima kilikuwa kama nyumba ya mama mwenye mtoto mmoja.

Kwenye kona, nyuma ya kiti cha kupigia picha za pasipoti, stendi ya miguu mitatu ilikuwa imesimama. Miguu yake ilikuwa na tope lililokauka.

Koplo alizunguka akitazama. "Nasikia jamaa alikuwa amechukuliwa na ile timu kubwa ya ng'ambo. Si mngeenda wote?"

Kengeza alikuwa akichomoa picha kutoka kwenye bahasha. Aliendelea kuchomoa.

"Wana mpiga picha wao."

"Alikuambia?"

"Nilimsikia muuza soda akimpongeza." Akampa Inspekta bahasha mbili zilizovimba. "Chukua. Na ile ya ajali nimeiweka juu, ile kubwa, ili usihangaike kutumia ya gazeti."

Alitoa kwa moyo mmoja. Inspekta alilishika hilo. Mtu anayeficha kitu hakupi bahasha mbili, labda tu kama anajivunia kilichomo kuliko anavyoogopa.

*

Pikipiki ya Mkizi ilikuwa uani kwa polisi, imefunikwa turubai lenye mashimo, na paka mmoja alikuwa amepanga humo. Fundi aliletwa na pingu. Alikuwa na mikono mipana na macho ya mtu aliyelala amekaa.

"Afande, mimi si malaika," alianza kabla hajaulizwa. "Nimewahi kumfungia mtu plagi kuukuu nikamwambia mpya. Mungu ananiona. Lakini huyu ni shemeji yangu. Nikimuua huyu, kwa mke wangu ninaingilia mlango gani?"

"Kebo imekatika."

"Imekatika ndiyo. Itazame basi." Akanyoosha kidole, na pingu zikanyoosha mkono wa pili. "Kebo ikichoka, inakatika uzi mmoja mmoja, ncha zinakuwa zimechakaa, zina kutu. Hii imevutwa kwa mara moja. Pikipiki iligonga, usukani ukapinda, ndipo kebo ikakatika. Kitanda kikivunjika baada ya wewe kuanguka, utasema kitanda ndicho kilichokuangusha?"

"Asubuhi ile ulikuwa unafanya nini kwenye usukani?"

"Nani kasema nilikuwa kwenye usukani?"

Fundi alitazama turubai, akatazama koplo, akarudi kwa Inspekta.

"Nilikuwa nimembebea maji ya kunywa. Kengeza alikuwepo, alikunywa na yeye."

"Kama si usukani, ni nini kilichoisimamisha?"

"Hii haina pangaboi nje kama boti. Lake liko tumboni. Inafyonza maji huku chini, inayatupa nyuma, ndiyo inakwenda. Ikifyonza kitu kikakwama, inakufa hapo hapo, na ikifa hata usukani haukusikii. Kuna mtu amechungulia tumboni?"

Inspekta alimtazama koplo. Koplo aliangalia paka.

"Ripoti imesema usukani," koplo alisema kwa sauti ndogo.

Ilibidi pikipiki ilazwe ubavu, na koplo, ambaye ndiye mwenye mkono mwembamba kati yao ingawa tumbo lilisema vingine, akaingiza mkono mpaka kwenye bega. Alilalamikia mafuta, akalalamikia shati, akalalamikia kazi aliyoichagua akiwa na akili timamu. Kisha akanyamaza, jambo ambalo lilimfanya Inspekta apige magoti.

"Kuna nywele," koplo alisema.

Hazikuwa nywele. Zilikuwa nyuzi za plastiki, zimejiviringa kwenye mhimili wa pangaboi kwa nguvu mpaka zikayeyuka na kushikana. Walizikata kwa koleo. Inspekta aliziosha kwa petroli kidogo, akazitandaza kwenye karatasi nyeupe. Zilikuwa za njano.

"Kamba ya maboya?" koplo aliuliza.

"Maboya yote yamefungwa kwa kamba nyeupe," fundi alisema. "Hii ni ile inayoelea. Lakini kamba nzima iko wapi? Huu ni mkia tu. Mtu ameikata akaiondoa."

"Baada ya ajali," Inspekta alisema.

"Basi ni mtu aliyewahi kufika."

Fundi alipolisema hilo alifunga mdomo ghafla, kama mtu aliyeuma ulimi wake mwenyewe, na mpaka anarudishwa ndani hakuongeza neno. Mlangoni tu aligeuka.

"Mke wangu hajaja hata mara moja, afande. Nguo zangu amezitoa nje. Jirani ndiye aliyeniletea shati hili."

*

Ofisini Inspekta alizipanga picha mezani, chini, na kwenye kiti cha koplo, ambaye ilibidi asimame. Zote ni za kichochoro kile kile, za mbio tofauti, Mkizi akipita kati ya matete na ukingo.

"Ni zile zile," koplo alisema. "Mtu, pikipiki, povu. Ukiona moja umeona ukoo wote."

"Tazama matete."

"Sioni matete. Naona mistari."

"Hii?"

"Mistari."

"Na hii?"

"Afande, mistari, mistari, mistari. Ninaanza kuona kizunguzungu."

Inspekta akaweka juu yazo ile kubwa, picha ya ajali. Mkizi alikuwa angani, mikono mbele, usukani umemponyoka. Yeye alikuwa amevurugika: uso wake ulikuwa doa, na mguu mmoja ulikuwa kama umefutwa kwa kitambaa. Nyuma yake matete yalikuwa yamesimama wima, kila jani na ukingo wake. Kwenye jani moja kereng'ende alikuwa ametua, na mabawa yake yalihesabika.

Koplo aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu kwa mtu wa tumbo lile.

"Hapa hakuzungusha kiuno," alisema.

"Endelea."

"Pengine alishtuka. Akaona jamaa anaanguka, akasimama."

"Ungeshtuka wewe, kamera ingetulia hivyo? Mimi leo nilishtushwa na pikipiki nzima inayokwenda vizuri, nikapata kisigino. Huyu kamera yake haikutikisika hata kidogo. Ilikuwa imelengwa kwenye matete kabla Mkizi hajafika. Ilikuwa inamngoja."

"Mwenyewe alisema ukingoja unapata maji."

"Unapata maji kama hujui mtu ataanguka wapi."

Koplo alitafuta kiti chake, akakumbuka kimejaa picha.

"Afande, mimi yule jamaa nimempenda."

"Kila mtu anampenda. Chukua gari."

*

Dada yake Mkizi alikuwa kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, amejifunga kanga mabegani, na kikapu chenye chupa ya uji kipo miguuni. Alipomwona Inspekta hakuinuka.

"Kama umekuja kuniomba nimwonee huruma mume wangu, geuza njia."

"Nimekuja kukuuliza kuhusu siku ile. Wewe ulikuwa wapi?"

"Pale pale kwa Kengeza. Ndani ya kamba. Hukaa hapo kila mara, yeye huniwekea ndoo nikae." Sauti yake ililegea kidogo. "Yule ndiye ndugu. Wa kwangu wa ndani ametuulia mtu, wa nje anakuja asubuhi na jioni. Hata sasa yuko huko anamnyoa ndevu. Siku ile aliiacha kamera kwenye stendi, na unajua anavyoipenda, akaruka na viatu vyake."

"Aliiacha kwenye nini?"

"Kwenye stendi. Ile miguu mitatu. Mimi ndiye niliyeidaka watu walipoanza kusukumana, isianguke."

"Hutumia stendi siku zote?"

Dada alifikiri. "Hapana. Nilimtania, nikamwambia leo umekuwa mzee. Akasema mgongo unamuuma."

"Na kamba iliyozunguka mahali pake siku ile, ilikuwa ya rangi gani?"

"Ya njano. Ni ile ile ya miaka yote." Akamtazama Inspekta, kisha akamtazama koplo, ambaye kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na mzaha. "Kwa nini?"

"Ingia nasi ndani, dada. Lakini usiseme kitu mpaka nimalize."

Wodi ilikuwa na vitanda vinne na wagonjwa wawili, na mmoja wao alikuwa akikoroma kwa bidii. Mkizi alikuwa ameegemezwa kwenye mito karibu na dirisha. Povu la sabuni lilifunika nusu ya uso wake. Upande wa pili ulikwisha kunyolewa, laini kama wa mtoto. Kengeza alikuwa amekaa kwenye kitanda, taulo begani, wembe mkononi, jicho moja amelifumba.

"Inspekta, umekuja tukunyoe na wewe?" Mkizi alisema.

"Mimi bado sijaota."

"Koplo je?"

"Mimi hunyolewa na mke wangu," koplo alisema, "kwa maneno."

Mkizi alicheka kidogo, kwa uangalifu, kwa sababu kucheka kulimuuma. Kengeza alisuuza wembe kwenye beseni.

"Nina swali moja," Inspekta alisema. "Wenzako wote hupita nje ya matete. Kwa nini wewe hupita ndani?"

"Hilo?" Mkizi alionekana kuona haya. "Ni upumbavu. Ndani ni pembamba, hata sekunde huziokoi. Ni kwa ajili ya huyu." Alimgonga Kengeza gotini. "Napita karibu apate picha nzuri. Tangu zamani. Siku ile ndiyo aliniambia nisogee kabisa ukingoni, mwanga umekaa vizuri. Usiwaambie wenye timu, wataniona sina akili."

"Hukuwaambia polisi."

"Waliniuliza usukani, nikajibu usukani."

"Amechoka," Kengeza alisema. "Daktari amesema asizungumze sana."

"Namwonyesha picha tu. Picha haichoshi."

Inspekta aliziweka juu ya shuka moja baada ya nyingine, zile za mistari, na Mkizi akazitambua zote. Hii ni siku ya mvua. Hii ni siku ile kofia iliporuka. Hii Kengeza aliipiga akiwa na homa, anatetemeka, na bado ikatoka. Kisha Inspekta akaweka ile kubwa. Mkizi alikuwa hajaiona. Hakuna aliyekuwa na roho ya kumletea gazeti.

Aliitazama kwanza kama mtu anavyotazama ajali yake mwenyewe. Alitafuta uso wake, hakuupata. Halafu macho yake yakahamia nyuma, kwenye matete, yakakaa hapo. Mpiga picha akimpiga mtu picha kwa miaka, mtu huyo hatimaye hujifunza kusoma picha.

"Nani aliyeipiga hii?"

Mgonjwa wa pili aliendelea kukoroma.

"Kengeza. Nani aliyeipiga?"

"Mimi."

"Si wewe." Alisema kwa upole, kama anamsaidia. "Wewe hupigi hivi. Uliniambia siku ya kwanza, nikiwa naogopa yale maji: wewe kimbia tu, usinitazame, mimi nitakwenda na wewe. Hapa hukuwa na mimi." Aliweka kidole juu ya kereng'ende. "Hapa ulikuwa umenitangulia. Umekaa unaningoja."

Wembe ulikuwa umesimama hewani, si mbali na koo. Koplo alinyoosha mkono wake mwembamba, akauchukua taratibu kutoka kwenye vidole vya Kengeza, na vidole havikuushindania.

"Kamba ya njano uliyoitega kwenye kichochoro, ukaikata ulipoingia majini, iko wapi?" Inspekta aliuliza. "Kipande kingine ninacho. Kilikuwa tumboni mwa pikipiki."

Kengeza alifungua jicho lake lililofumbwa. Kwa macho mawili alikuwa mtu mwingine, mzee zaidi.

"Nilitaka aanguke tu," alisema. "Huanguka kila wiki, anaibuka anacheka. Aanguke mbele ya wale wa timu, warudi kwao. Kile kisiki sikukijua, naapa."

"Ulikuwa umejua nakwenda," Mkizi alisema.

"Niliambiwa na muuza soda."

"Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kukwambia."

"Na mimi nikangoja mahali pazuri."

Dada alitoa sauti, si neno. Alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, kikapu bado mkononi. "Umekunywa uji wangu," alimwambia Kengeza. "Kila asubuhi nimekumiminia kwanza wewe. Ukakaa hapo, ukanishika bega, ukaniambia mume wangu alikuwa anahangaika na usukani. Mimi nikarudi nyumbani nikatupa nguo zake nje kwenye matope."

Kengeza alitazama beseni. Jibu lile la kwanza alikuwa amelifikiria siku zote hizo. La hili hakuwa amelipanga.

"Ulipiga hata picha," Mkizi alisema. "Ungetaka tu nianguke, ungefumba macho yote mawili. Wewe ulibonyeza."

"Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga," Kengeza alisema, na ilikuwa wazi kwamba hakukusudia kulisema.

Koplo aliuweka wembe juu ya beseni, akamfunga pingu mbele, kwa heshima, akamvua taulo begani. Mlangoni Kengeza aligeuka, pengine kutafuta la kuongeza, lakini Mkizi alikuwa amegeuzia uso dirishani. Koplo akamvuta.

Inspekta alipiga simu kituoni kutoka ukumbini. Mkuu wa kituo alipayuka, akauliza ushahidi, akaambiwa, akapayuka tena kwa sauti ya chini. Fundi atatoka leo hii. Inspekta aliporudi, dada alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na kanga imemwangukia kiunoni.

"Wanamtoa mumeo. Gari la polisi linaweza kukupeleka ukampokee."

"Nitamwambia nini?"

"Hilo halimo kwenye mafunzo yetu."

"Na akikataa kurudi?"

"Angalau utakuwa umekwenda."

Dada aliinuka. Alijifunga kanga, akafungua, akajifunga tena, kama iliyopita haikufaa kwa safari ile. Alimtazama kaka yake. Povu lilikuwa limeanza kukauka shavuni mwake, upande mmoja msafi, upande wa pili mwitu.

"Ngoja kwanza nikumalizie," alisema. "Huwezi kukaa hivyo, watu watakucheka."

Mkizi aliuondoa taratibu mkono wa dada yake uliokwisha kufika shavuni. Akazikusanya picha zote kwenye shuka, zile za mistari na ile moja yenye majani, akampa Inspekta, akabaki anautazama wembe uliokuwa juu ya beseni.

"Wache wacheke," alisema. "Mwambie shemeji aje nao wembe wake. Atamalizia yeye."